Duara la matofali San Francisco, na duka la baba mdogo Kadutu

Miezi yangu ya kwanza San Francisco nilikuwa naruka duara. Kwenye njia panda nyingi za mji huu kuna duara kubwa la matofali ndani ya lami. Nilidhani ni pambo, mpaka mwenzangu wa kazini aliponiambia kwamba chini yake kuna tangi la maji, la wazima moto tu. Matangi hayo ni zaidi ya 170.

Asili yake ni Aprili 18, 1906. Tetemeko liliangusha nyumba, lakini pia lilikata mabomba, na moto ukala mji kwa siku tatu huku wazima moto wameshika mipira mikavu. Kufikia 1913 mji ulikuwa na mtandao wa pili wa maji, mbali na ule wa kunywa: bwawa juu ya kilima, maji yanashuka yenyewe, na pampu za kuvuta maji ya bahari kama ya kilimani hayatoshi.

Kilima, mteremko, maji chini. Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunakosa nini hapo? Ziwa Kivu liko miguuni petu, lakini mtaa wa Kadutu ukiwaka tunapigana na moto kwa mabidoni na mchanga, na gari la kuzima moto, likija, halina pa kupita. Hapo ardhi haijatikisika hata kidogo.

Ilipotikisika, ilikuwa Jumapili, Februari 3, 2008, asubuhi ya misa. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia waumini. Kwetu, nyumba ya mbao ya baba mdogo ililia kama kikapu, ikabaki wima. Ya jirani, ya matofali, ilipasuka kutoka dirisha hadi paa. Miaka michache baadaye moto ulianzia jikoni kwa mtu, ukamaliza safu nzima, na ile ya mbao ikaenda. Basi baba mdogo akajenga ghorofa ya matofali: chini maduka matatu yenye milango mipana, juu vyumba vya kupangisha. Nani atamlaumu?

Shida ni hiyo milango. Mwaka 2013 huku San Francisco walitunga sheria kwa nyumba za mbao za ghorofa zilizojengwa kabla ya 1978, zile ambazo chini ni gereji au duka na kuta hakuna. Ardhi ikicheza, sehemu ya chini inapinda na ya juu inaikalia. Mtaa wa Marina, humu humu mjini, waliyaona hayo kwenye tetemeko la mwaka 1989. Mwenye nyumba aliyechelewa alibandikiwa tangazo kubwa la onyo la tetemeko, kwa Kiingereza, Kihispania na Kichina, kila mpita njia asome. Nilicheka. Serikali tajiri hivi, na bado inatumia aibu kama bibi zetu.

Wala msidhani serikali ndiyo iliyolipa. Kwenye nyumba ninayopanga huku waliingiza fremu za chuma gerejini, tukala vumbi, kisha gharama ikaja juu ya kodi yetu wapangaji. Sheria inaruhusu, kidogo kidogo kwa miaka 20. Nalipa huku nanung'unika.

Najua mtasema Bukavu iko kwenye vita na mimi nawaletea habari za nguzo. Lakini hata katika vita watu wanajenga, na kibali cha kujenga kwetu ni muhuri tu. Sijawahi kumwona anayeugonga akishuka kuhesabu nondo. Mpango wa kurasa mia kutoka Kinshasa siutaki. Nataka mtu wa kukagua nguzo za duka kabla zege halijamwagwa, na matangi ardhini, Kadutu na Nyamugo kwanza, yajazwe na mvua ya kwenye mabati. Mvua tunayo.

Juzi nilimpigia baba mdogo kwa WhatsApp.

"Shikamoo baba mdogo. Nguzo za duka zina nondo ngapi?"

"Nne, mwanangu."

"Za milimita ngapi?"

Kimya. Akageuza simu, akanionyesha nguzo ya kona, imeshapigwa plasta na rangi ya bluu.

"Hesabu mwenyewe kutoka huko."