Tusiwapime bakteria kwa mizani ya paneli

Wanaobeza wazo la kutumia vijidudu kuvuna nishati ya jua hawakosi mifano. Kampuni ya Joule Unlimited ya Massachusetts, iliyoahidi mafuta kutokana na bakteria wa usanisinuru waliobadilishwa vinasaba, ilifungwa 2017. Kampuni ya mafuta ya ExxonMobil, iliyotangaza 2009 kwamba ingeweza kutumia hadi dola milioni 600 kwenye mwani wa kutengeneza mafuta, ilijitoa mwanzoni mwa 2023. Na mazao ya shambani huhifadhi takriban asilimia 1 tu ya nishati ya jua, ilhali paneli nzuri za sola huvuka asilimia 20.

Kama tunachotaka ni umeme, mjadala umekwisha. Lakini ndege ya masafa marefu haiwezi kubeba betri za kuitosha. Inahitaji mafuta, na mafuta ni kaboni iliyoshikanishwa na hidrojeni. Kazi hiyo paneli haiifanyi.

Mwaka 2016 kundi la watafiti Daniel Nocera na Pamela Silver wa Chuo Kikuu cha Harvard liligawa kazi upya. Umeme unapasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Bakteria aitwaye Ralstonia eutropha anakula hidrojeni inayotoka, anavuta kaboni dioksidi, na akishabadilishwa vinasaba anatoa alkoholi. Awali kichocheo chao, yaani metali inayoharakisha upasuaji huo wa maji, kilizalisha oksijeni kali iliyoharibu DNA ya bakteria wale wale waliotegemewa. Watafiti wakaweka badala yake aloi ya kobalti na fosforasi, na bakteria wakapona. Karibu nusu ya nishati ya umeme ikaishia kwenye vitu walivyotengeneza bakteria hao. Ukiunganisha na paneli za kawaida, hesabu inafika takriban asilimia 10 ya nishati ya jua.

Wakosoaji wanasema asilimia 10 hiyo imebebwa na paneli. Ni kweli, na mimi naona hapo ndipo penye thamani yake. Paneli inakamata mwanga kuliko jani lolote. Bakteria naye anaunda molekuli ngumu kwenye maji ya uvuguvugu, bila tanuri wala shinikizo kubwa, na anazaliana mwenyewe. Joule na ExxonMobil zilikitwika kijidudu kimoja kazi zote mbili.

Vikwazo vipo, na si vidogo: hidrojeni huyeyuka kwa shida majini, vijidudu vingine huvamia matangi, kuchuja alkoholi kunakula nishati, na petroli bado ni ya bei nafuu. Hayo ni maswali ya gharama, na kufungwa kwa Joule hakuyajibu.