Mkono wa 28

Kwa kuwa katibu wa klabu yetu ya jogging ameshasambaza toleo lake la kisa changu cha Jumamosi kwenye magrupu yote ya Temeke, na jana mtu wa Kigamboni nisiyemjua kanitumia kiemoji cha mkono ulionyooshwa, acha niseme mwenyewe. Kwanza kabisa, sikuwa nimelewa. Saa kumi na mbili asubuhi mtu analewa nini?

Mnaoijua Kilwa Road Jumamosi alfajiri mnanielewa. Kuanzia Rangi Tatu mpaka Uhasibu ni jogging tupu: klabu hii inapanda, ile inashuka, filimbi, vigelegele, na bodaboda ya mbele inapiga honi kuwaambia daladala wangoje. Sisi wenye jezi za rangi ya chungwa tulijua tuko peke yetu Dar nzima. Kumbe yule muuzaji wa Kariakoo aliyetuapia "rangi hii nimewaletea nyie tu" kiapo chake alikiuza kwa jumla na rejareja.

Mtongani nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kuinuka, naona chungwa linaishia mbele. Nikaunga tela.

Sura nyingi ngeni, ndiyo. Lakini siku hiyo tulikuwa tumealika wageni, kwa hiyo nani angeshangaa? (Dada uliyeandika "si ungeuliza", wewe ukipanda daladala huwa unawauliza abiria majina?) Halafu anayeongoza nyimbo sauti ilikuwa imemkauka. Mnakijua kimbelembele changu. Nikapita mbele, nikapokea. Jamani, wale watu wanaitikia! Wa kwetu huitikia kama wanadaiwa. Wale wakiitikia unasikia kifua kinatanuka. Wangenipeleka Lindi ningeenda. Kwa hiyo tulipofika kwa Aziz Ali tukakata kona kuingia Tandika, badala ya kunyoosha Uwanja wa Mkapa kama ratiba ilivyosema, nikajua ratiba imebadilishwa usiku kwenye grupu. Kwetu ndiyo kawaida.

Tandika kuna turubai, viti vya plastiki, na sufuria la supu ya makongoro linalotoa moshi. Nikakaa. Jirani yangu baba mmoja wa makamo, mpole kweli. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikatia nusu ya chapati yake na kunikamulia ndimu kwenye bakuli. "Kula, mwanangu. Umetuimbisha vizuri."

Mama mmoja mwenye daftari akasimama. Mapato na matumizi, sijui nini, mimi nang'ang'ana na mfupa. Nikasikia kwa mbali: ada miezi sita, mfuko wa kufa na kuzikana hachangii, ameonywa. "Wanaokubali tumtoe, wanyooshe mikono."

Hapa twende polepole, maana katibu wetu anaparuka.

Mikono ikaanza kupanda upande wa kule, safu ya mbele, safu yetu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na chapati. Wa kulia ulikuwa na kijiko. Sikumbuki kuamua kitu. Wa kulia ukapanda na kijiko chake, supu ikatiririka taratibu mpaka kwenye kiwiko, na mimi niko juu, nimenyoosha, mjumbe halali. Nikageuka, nikaona jirani yangu peke yake ndiye hajanyoosha. Nikamwonea huruma, nikajua hajasikia. Nikamgusa na goti.

"Mzee, nyoosha."

Akaniangalia. Akaiangalia chapati. Akaniangalia tena.

"Mwanangu, anayetolewa ni mimi."

Na mkono hamtaamini: haukushuka! Mama anahesabu. "Waliosaini 28. Mtoe mtuhumiwa, 27." Akahesabu tena kwa kalamu. "Mikono 28." Kimya. Akaamua kuita majina, ukiitwa unashusha. Wakaitwa wote. Ukabaki mmoja, una kijiko.

"Kaka, wewe ni nani?"

Nikataja klabu yangu. Kicheko kilichotoka pale kilifika Yombo.

Mpwa wangu anayesoma saikolojia Mlimani kaniambia, "Mjomba, usijilaumu, hilo limeshafanyiwa utafiti." Eti mwaka 1951 huko Marekani, Solomon Asch alimkalisha mtu katikati ya wenzake na kuwauliza mstari upi una urefu sawa na ule wa mfano. Jibu liko wazi hata kwa mtoto, ila wale wenzake walikuwa wamepangwa kujibu uongo kwa pamoja. Katika waliopimwa hivyo, karibu robo tatu walifuata uongo angalau mara moja. Akiwekwa hata mmoja tu wa kusema ukweli, wanaofuata wanapungua sana. Nikamwambia asante, lakini wale walikuwa wanatazama mistari. Mimi nilikuwa na chapati ya mtu mkononi. Halafu mimi ni mtoto wa mchakamchaka. Tangu darasa la kwanza nimefundishwa kwamba sauti ikitoka mbele unaitikia, hata kama hujasikia imesema nini. Miaka saba unaitikia, halafu leo goti lisimguse mzee wa watu?

Mengine mafupi. Supu nikalipa, yangu na ya mzee. Video ipo, nimeiona, msinitumie tena. Klabu yangu imenitoza faini ya utoro.

Ila katiba yao, kasema yule mama, inataka kura ikiingiliwa na mgeni irudiwe. Kwa hiyo mzee bado ni mwanachama. Jana kanipigia. Uchaguzi wa marudio ni Jumamosi hii na ada bado hana. Ananiomba nije, nikae safu ya nyuma, ninyooshe tena.