Kigelegele Mnakielewa?

Juzi kwenye harusi ya jirani, DJ aliweka wimbo wa Kihindi wa zamani. Akina mama wakainuka wote, wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana mmoja mezani petu akasema, "Ina mina dika, ina mina dika... upuuzi mtupu. Hata Wahindi wenyewe hawaelewi." Siku ya tatu leo, bado linanikera.

Maana muda si mrefu bibi harusi akaingia, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Yule kijana naye akapiga makofi. Mbona hakuuliza kigelegele kina maana gani?

Wimbo wenyewe, Ina Mina Dika, ni wa filamu ya Aasha, 1957, muziki wa C. Ramchandra. Kishore Kumar aliuimba, na Asha Bhosle naye akauimba kivyake. Enzi hizo bendi za studio za Bombay zilijaa wanamuziki wa Goa, pwani ya magharibi ya India. Sikiliza vizuri pale panaposema "maka naka". Kwa Kikonkani, lugha ya Goa, maana yake ni "sitaki". Kwa hiyo ndani ya huo unaoitwa upuuzi mna lugha ya watu.

Ila wimbo unaoniuma zaidi ni Ramaiya Vastavaiya. Marehemu mama alikuwa akipeta mchele uani, ungo unapanda na kushuka, pumba zinamrukia kwenye kanga, na kila ungo unaposhuka anatia "vastavaiya". Kihindi hakujua hata salamu. Nami nilikua nikiamini ni sauti tu za kupendezesha wimbo, mpaka nikaja kujua ni Kitelugu, lugha ya kusini mwa India: "Ramayya, utakuja?" Mtunzi wa maneno, Shailendra, alikitia katikati ya wimbo wa Kihindi, kwenye filamu ya Raj Kapoor, Shree 420, mwaka 1955. Mama aliimba swali lile miaka yote, kwa huzuni yake yote, na hakulikosea hata kidogo. Huko nako si kuelewa?

Halafu watu wanasahau kwamba India ilikuwa na tarana, uimbaji wa silabi tupu, karne nyingi kabla ya sinema. Mwimbaji mkubwa wa kikale anakaa chini, anaimba "ta na na, dir dir, tom", anakimbizana na ngoma za tabla mpaka jasho linamtoka, na wasikilizaji wanatikisa vichwa. Mpiga tabla naye hujifunza mapigo kwa mdomo kwanza, dha dhin dhin dha, ndipo mkono ufuate. Wengi waliotunga nyimbo za filamu walilelewa humo.

Haya, nakubali, siku hizi zipo nyimbo ambazo silabi zimetiwa kuziba pengo tu, mtunzi kaishiwa. Hizo sizitetei.

Lakini pale harusini palikuwa na bibi mmoja, miguu haimbebi tena, hakuinuka na wenzake. Alibaki kitini, vidole vinapiga meza, midomo inafuata kila silabi, macho kayafumba. Nilitamani yule kijana ageuke amwangalie.