Kabla ya kujaza kijiko cha trekta, ulizia ekseli ya mbele

Beringi niliyowekewa kiganjani na fundi ilikuwa imemeguka, na ganda lake la nje lilikuwa na ufa unaoingia ukucha. Mafuta ya difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, yalikuwa yakivuja wiki nzima kupitia sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya gurudumu la kushoto, nasi tukadhani ni tope la zizini. "Mzee, hii haijafa kwa uzee," fundi aliniambia. "Hii imebebeshwa."

Trekta lenyewe ni dogo, la nguvu farasi 35, na nililinunua pamoja na kijiko cha mbele kwa kazi ya samadi. Karatasi ya mauzo ilisema kijiko kinainua kilo 600. Nikaridhika. Tulianza na samadi, tukahamia kwenye mchanga, na masika yalipofika tukawa tunapakia mchanga wa mtoni uliolowa, kijiko kimejaa pomoni. Haidroliki, mitambo ya mafuta inayoinua kijiko, ilinyanyua kila mara bila kusita, na dereva wangu akaona hiyo ndiyo ruhusa. Nami niliona hivyo hivyo.

Zile kilo 600 ni nguvu ya jeki za haidroliki tu. Tena mara nyingi hupimwa kwenye pini inayoshika kijiko. Ukisogea nusu mita mbele, pale mzigo unapokaa hasa, namba inashuka. Ekseli ya mbele, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya mbele, ina kikomo chake cha uzito, nacho kimeandikwa kwingine kabisa, ndani ya kitabu cha trekta.

Chukua trekta ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 160. Weka kilo 400 kwenye kijiko, katikati ya mzigo iwe sentimita 120 mbele ya ekseli. Wengi tungesema ekseli imeongezewa kilo 400. Imeongezewa 700. Zile 300 zimetoka nyuma, kwa sababu trekta zima limekuwa pembea na ekseli ya mbele ndiyo egemeo lake. Hapo hujahesabu kijiko na mikono yake, wala injini iliyokuwa imeilalia ekseli hiyo tangu mwanzo. Kisha gurudumu lidumbukie kwenye shimo, mzigo ukiwa juu.

Madereva wa malori wanalielewa hili vizuri kuliko sisi wa mashambani. Lori linaweza kuwa chini ya tani 56 zinazoruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki, bado likazuiwa mizani kwa sababu ekseli moja imezidi. Shambani hakuna mizani, na anayekukamata ni beringi.

Wengi wanashauriwa wajaze maji kwenye matairi ya nyuma. Ni jambo jema, trekta halitanyanyuka nyuma kirahisi. Lakini maji hayo yako juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, kwa hiyo hayaipunguzii ya mbele hata kilo moja. Uzito unaoisaidia ni ule unaoning'inia nyuma zaidi ya ekseli hiyo. Mimi nimejaza zege nusu pipa la lita 200, kama kilo 240, na linafungwa kwenye mikono inayobeba jembe. Likikaa sentimita 80 nyuma ya ekseli, linaiondolea ya mbele kilo 120. Siku hizi kijiko hakigusi mchanga bila pipa hilo.

Wauzaji wananiuma zaidi. Anayetangaza kilo za kijiko aandike na kikomo cha ekseli ya mbele pembeni yake, kwa herufi zile zile, na aseme ni uzito gani unatakiwa nyuma. Mkulima anakopa ili anunue chombo hiki. Nilimpigia aliyeniuzia, nikamwomba namba ya ekseli. Akanisomea tena kilo za kijiko. Mwishowe niliipata mwenyewe kwenye kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo dereva wangu haisomi.

Kijiko chetu ni cha lita 300. Kikijaa mchanga uliolowa kinakaribia kilo 600, na samadi kavu haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo fundi alipomaliza kufunga beringi mpya nilimwomba achomelee kipande cha nondo ndani ya kijiko, usawa wa nusu. Samadi inaruhusiwa kupita hapo. Mchanga mbichi unaishia kwenye nondo.