Mabaharia 141 wa Atik hawakustahili kufanywa chambo

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1942, mashariki ya pwani ya Virginia, nyambizi ya Kijerumani U-123, iliyoongozwa na Reinhard Hardegen, iliipiga kwa topido meli iliyoonekana kuwa ya shehena. Meli hiyo iliomba msaada kwa redio kwa jina la Carolyn, ikaanza kushusha mashua. Kumbe ilikuwa Atik, meli ya kivita ya Marekani iliyoficha mizinga minne ya inchi 4, na ambayo ngama yake ilijazwa magogo ya kutengenezea karatasi ili ikipigwa isizame upesi, adui apate kujiamini na kuisogelea.

Hardegen alisogea kweli. Vificho vya mizinga vikaangushwa, Atik ikafyatua, na kijana mmoja aliyekuwa akisomea uafisa ndani ya nyambizi akajeruhiwa vibaya, akafa. Lakini U-123 ilikimbia hadi nje ya masafa, kisha ikarudi ikiwa chini ya maji na kupiga topido nyingine. Atik ililipuka baadaye usiku uleule, siku nne tu tangu ing'oe nanga Portsmouth, New Hampshire. Mabaharia wote 141 waliangamia; meli mwenzake, Asterion, iliyosikia wito na kukimbilia huko, haikumkuta hata mmoja.

Simlaumu nahodha Harry Hicks wala watu wake, waliotimiza amri kwa ushujaa meli yao ikiwaka moto. Nawalaumu waliowatuma. Rais Roosevelt alipolipeleka wazo hilo kwa wakuu wa jeshi la majini Januari 1942, hila yenyewe ilikuwa imekwisha kuchakaa: Waingereza waliitumia katika Vita Kuu ya Kwanza, ikafaulu kwa muda, mpaka Wajerumani wakajifunza kuishuku kila meli iliyojifanya dhaifu. Wakati huohuo meli za kweli za shehena zilikuwa zikipita pwani ileile bila ulinzi, huku taa za miji zikizianika usiku mbele ya nyambizi. Misafara yenye ulinzi, ambayo ndiyo iliyopunguza hasara pwani hiyo, ilianza Mei tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba msiba wa Atik haukutosha kuwazindua wakubwa. Asterion iliendelea kutumwa baharini, na mpango wote ulifutwa mwaka 1943, meli hizo zikiwa hazijazamisha nyambizi hata moja.