Mwacheni Rispa Alie

Sikumbuki kusikia 2 Samweli 21 ikihubiriwa mazishini, na naelewa kwa nini. Sura inaanza na njaa ya miaka mitatu mfululizo katika siku za Daudi. Daudi anauliza kwa Bwana, anaambiwa chanzo ni damu: Sauli, mfalme aliyemtangulia, aliwaua Wagibeoni, watu ambao Israeli iliwaapia tangu enzi za Yoshua kwamba hawataguswa. Hapo naomba tusome polepole. Kuhusu chanzo cha njaa, Daudi alimwuliza Mungu. Kuhusu dawa yake, aliwauliza Wagibeoni. Nao wakadai wanaume saba wa uzao wa Sauli, mfalme akakubali kuwatoa, wakatundikwa mlimani mavuno ya shayiri yalipokuwa yanaanza.

Wawili kati yao, Armoni na Mefiboshethi, ni wana wa Rispa binti Aya, suria wa Sauli. (Huyu si yule Mefiboshethi mwana wa Yonathani, yule Daudi alimwachilia.) Rispa tulishakutana naye sura ya 3, wanaume wawili wakigombana kwa ajili yake baada ya Sauli kufa. Kule hatusikii neno lake hata moja, na huku pia hasemi kitu. Anachukua nguo ya gunia, anaitandika mwambani, anakaa. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama wa mwitu, mpaka mvua iinyeshee ile miili. Kule shayiri huvunwa kama mwezi wa Aprili, na mvua za kwanza kwa kawaida huja Oktoba. Kama ndizo hizo, mama huyu alikesha karibu nusu mwaka na maiti za wanawe, pamoja na watano wengine ambao hakuwazaa. Wakati huohuo Torati, katika Kumbukumbu la Torati 21, ilikataza mwili wa aliyetundikwa kulala juu ya mti hata usiku mmoja. Taifa zima lilijua amri hiyo. Aliyepanda mlimani ni Rispa peke yake.

Habari zikamfikia mfalme. Daudi akaenda kuchukua mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa Yabesh-gileadi, mifupa ya wale saba ikakusanywa, na mazishi yakafanyika Sela, nchi ya Benyamini, kwenye kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Ndipo mstari wa 14 unasema kwamba baada ya hayo Mungu akayasikia maombi kwa ajili ya nchi. Wapo wanaofundisha kwamba damu ya wale saba ndiyo iliyomridhisha Mungu. Mimi sioni hivyo. Wale saba walikuwa wameshakufa siku nyingi. Maombi yalisikiwa baada ya mfalme kuitikia kilio cha mama na kuwapa wafu heshima yao.

Sasa njoo kwenye matanga yetu. Mama amekaa mbele ya hema, leso imemteleza begani, sauti yake inaanza kupanda. Kabla hajafika mbali, mtu ameshamwinamia: nyamaza mama, Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Mwenye kipaza sauti anakumbusha kwamba muda umekwenda na mheshimiwa bado hajasalimia. Mwanasiasa anapata dakika zote anazotaka, mama anaambiwa ajikaze.

Maneno hayo ya kutoa na kutwaa ni ya Ayubu mwenyewe, mfiwa, akiwa ameanguka kifudifudi. Hakuna aliyemwekea kinywani. Rafiki zake walipofika waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi pekee waliyoifanya vizuri katika kitabu kizima. Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na kanisa linaweza kufanya vizuri, tumeliona hapa Nairobi. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi bustani ya Uhuru wakifunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Wangari Maathai, mwanaharakati aliyekuwa pamoja nao, akapigwa hadi kupoteza fahamu, na baadhi ya mama wakavua nguo zao mbele ya askari. Wana wao walikuwa hai, tofauti na wa Rispa, lakini ukaidi ni uleule. Kanisa la All Saints, hapo jirani, likawafungulia mlango, wakaishi humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote hao walikuwa wameachiliwa. Lile ndilo kanisa ninalolitaka kila kijiji.

Kwa hiyo wachungaji wetu, nawasihi. Someni sura hii mbele ya kaburi, hata kama familia itashtuka. Mama akianza kulia, zimeni kipaza sauti mwacheni amalize. Na kama aliyemo kwenye jeneza aliuawa, msiagane na huyo mama pale makaburini. Siku ya kesi aende na mzee wa kanisa na akina mama wawili watatu wa ushirika wake, waketi naye kwenye benchi la mahakama mpaka faili liitwe, na kesi ikiahirishwa, warudi naye tena.