Ndugu yako si mpima ardhi

Mwaka 2013 kaka yangu alihesabu shilingi milioni 12 za kuninunulia kiwanja juu ya meza ya ofisi ya serikali ya mtaa, upande wa Goba, Dar es Salaam. Mimi nilikuwa Reading, Uingereza, nimetoka zamu ya usiku, simu sikioni, nasikia noti zinavyopigwa moja moja. Fedha hizo nilizidunduliza miaka mitatu. Mashahidi wakatia saini, muhuri ukagongwa, dalali akachukua laki sita zake, na ofisi ikachukua asilimia 10, yaani milioni moja na laki mbili. Kaka akaniambia, "Hongera mdogo wangu, sasa una kwako." Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya kupanga nikalia.

Wiki moja kabla, mwenzangu wa kazini alikuwa ameniuliza kama tumeweka wakili na mpima. Nilimuuliza kaka. Alishaulizia bei: laki tatu kwa wakili, laki tatu kwa mpima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa wakili wa nini na mimi nipo?" Nikaona haya. Kwetu ukimwambia mkubwa wako unataka mtu wa kulipwa ahakiki kazi yake, umemwita mwizi bila kulitaja neno. Nikaliacha.

Mwaka 2018 nikarudi likizo, tukaenda na fundi kupiga kamba za msingi. Fundi alipokuwa akifyeka majani, panga likagonga kitu kigumu. Ilikuwa bikoni, alama ya mpaka inayowekwa na wapima, zege lenye chuma katikati na namba juu yake, hatua saba ndani ya kile tulichokuwa tukikiita chetu. Baada ya wiki mbili za kuzunguka maofisini tukaelewa. Eneo lile lilipimwa zamani sana. Nusu ya kiwanja changu kwenye mchoro wa mipango miji ni eneo la wazi, na nusu nyingine imo ndani ya kiwanja cha mtu mwenye hati. Aliyetuuzia alishahama. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mwingine. Fedha hazikurudi mpaka leo.

Kaka hakuniibia hata shilingi. Alipanda daladala mara nne kwenda kukiona kiwanja, akauliza watu, akahesabu hatua ishirini kwa ishirini kwa miguu yake, akanipigia kila jioni. Alifanya yote ambayo ndugu mwaminifu anaweza kufanya. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi iliyokaa ofisi ya ardhi, na uaminifu wa mtu hausomi ramani. Laki sita tulizookoa kwa kutowalipa wakili na mpima zilitugharimu milioni 12, na zaidi ya hizo zilimgharimu kaka usingizi. Bado akiiongelea Goba anatazama chini.

Mwaka 2021 mimi na mke wangu tukanunua nyumba hapa Reading. Sijaja kuwaambia Wazungu ni waaminifu kuliko sisi. Sivyo, na sheria yao yenyewe haiamini hivyo. England mnunuzi ndiye mwenye kujihadhari, muuzaji halazimiki kukuonyesha kila ubovu. Scotland wana utaratibu tofauti, tangu Desemba 2008 muuzaji ndiye anayetoa ripoti ya hali ya nyumba kabla ya kuiingiza sokoni. England ripoti unaitafuta mwenyewe kwa fedha yako.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba wakala wa nyumba, yule anayekuonyesha vyumba kwa tabasamu na kukujazia kikombe cha chai, si wako. Analipwa na muuzaji, anamtumikia muuzaji. Ndiye dalali wa huku, ila amevaa tai. Mwaka ule serikali ilikuwa imesamehe ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi, kwa nyumba hadi pauni 500,000, msamaha ukaisha Juni 30. Kwa hiyo wakala alitupigia karibu kila siku: fanyeni haraka, kuna wengine wanaitaka. Alituletea na jina la mwanasheria "wetu mzuri, mwepesi". Baadaye nikaelewa mawakala wengi hupata kamisheni kwa kupeleka wateja kwa wanasheria fulani. Tukamtafuta wetu wenyewe, mama mmoja mtaratibu ambaye hakujali kabisa kelele za wakala.

Tukamlipa na mkaguzi wa majengo, pauni 600. Watanzania wengi hapa huruka hatua hii kwa sababu benki imeshatuma mthamini wake. Mthamini wa benki anaangalia kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya mkopo, basi. Wengine hata hawaingii ndani. Mkaguzi wetu aliingia na ngazi, tochi na kifaa kidogo chenye sindano mbili. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi mpya nyeupe, kinanukia upya, mke wangu alishakipanga kitanda cha mtoto kichwani mwake. Mkaguzi akapiga magoti chini ya dirisha, akachomeka zile sindano ukutani, kifaa kikalia. Akasogea hatua moja, kikalia tena. Akatuambia bila kuinua kichwa: ukuta huu umelowa mpaka hapa, na rangi hii haina mwezi. Bei ikashuka pauni 6,000.

Naye mwanasheria akagundua kwamba jiko lililoongezwa nyuma halikuwa na cheti cha kukaguliwa na halmashauri. Akagoma kuendelea mpaka upande wa muuzaji ulipolishughulikia. Msamaha wa ushuru ulibaki siku tisa, wakala akilia kwenye simu, na yeye anajibu barua kwa mpangilio wake. Fedha zetu zilipita kwenye akaunti maalumu ya wateja, na siku ya kwanza kabisa alituonya: ikija barua pepe inayosema akaunti imebadilika, msilipe, nipigieni simu kwa namba mliyoandika leo kwa mkono. Wezi wa huku huvunja barua pepe za mawakili na kusubiri siku ya malipo.

Huyo mama alitugharimu kama pauni 1,400. Sheria ya England haikulazimishi kuwa na mwanasheria ukinunua kwa fedha taslimu, ingawa benki ikikukopesha haitakubali uende peke yako. Na mtu yeyote, hata asiyenunua, anaweza kutoa kwenye daftari la ardhi la serikali nakala ya umiliki wa nyumba kwa pauni chache, akiwa kitandani kwake. Pamoja na wepesi huo wote wenyeji bado wanalipa mtu awasomee. Sisi tulikuwa tunanunua mahali ambapo karatasi ni ngumu zaidi kupatikana, halafu tukaona msomaji wake ni anasa.

Maoni yangu basi ndiyo haya. Nyumbani hatukatai kulipa watu wa kati, tunawalipa sana. Goba tulitoa milioni moja na laki nane kwa dalali na ofisi ya mtaa. Dalali kazi yake ni kukutanisha, akishakutanisha amemaliza, na sina ugomvi naye. Ile asilimia 10 ya mtaa ni mazoea, si sheria, na muhuri wake unathibitisha kwamba watu fulani walikaa mbele ya meza fulani wakapeana fedha. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Tumewalipa kwa furaha wawili wasiobeba dhamana yoyote mambo yakiharibika, tukawanyima wawili ambao kazi yao ni kusema "hapana, usinunue."

Hata wakili tunamtumia vibaya. Tunaandikiana mkataba wenyewe, tunaupeleka mezani kwake, anagonga muhuri kwa elfu hamsini, tunatoka tukisema tulipita kwa mwanasheria. Kushuhudia saini si kuchunguza. Kazi unayotakiwa kumlipa ni upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina lililoandikwa, mkopo kama upo, zuio la mahakama kama lipo. Kisha aulize ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kesi ngapi zimetokana na baba aliyeuza mama akiwa kijijini! Na wakili huyo asiletwe na dalali. Vishoka ni wengi, jina lake litafute kwanza kwenye mfumo wa Mahakama wa mawakili, e-Wakili, uone kama leseni yake iko hai.

Kwa wenzangu wa ughaibuni kuna jingine ambalo hatupendi kulisikia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Tanzania haina uraia pacha. Ukichukua pasipoti ya huku kimyakimya, ukaendelea kununua viwanja kama mwananchi au kwa jina la mdogo wako, unajenga juu ya jambo ambalo siku ya msiba au ugomvi hakuna karatasi ya kulitetea. Mwulize wakili kabla hujatuma fedha, na umwambie ukweli wote kuhusu pasipoti yako.

Lakini kuna kitu nyumbani tunacho ambacho Reading sikukipata kwa fedha yoyote, nacho ni majirani. Hapa nilimjua jirani yangu wa ukuta siku ya tatu baada ya kupewa funguo. Hakuna aliyemuuliza lolote. Kwetu majirani wa pande zote wanaitwa, wanasimama kwenye mpaka, wanasema tunamjua huyu, babu yake ndiye alipanda hii minyaa.

Mwaka 2023 tulijaribu tena, safari hii Kibaha. Nilikwenda ubalozini London kutiliwa muhuri hati ya kumpa dada yangu mamlaka ya kusaini kwa niaba yangu, na mmiliki akiwa mimi kwa jina langu. Kiwanja cha kwanza tulichokipata wakili alikipekua, kikatoka safi, hati ya miaka 99, hakuna mkopo, hakuna zuio. Dada akaenda kusalimia majirani. Mzee mmoja mwenye duka la mkaa akamkaribisha kiti, akamwambia, "Mwanangu, marehemu baba yao ndiye mwenye hapa. Huyu anayekuuzia ana dada zake wawili wako Tanga. Umewauliza?" Dada akampigia wakili palepale. Jina kwenye hati lilikuwa limefanana na la muuzaji kwa sababu mtoto aliitwa jina la baba. Mirathi haikuwa imefunguliwa mahakamani, hakuna msimamizi aliyeteuliwa. Daftari la Msajili lisingetuambia hilo kamwe, na wakili, kwa uungwana wake, alikiri hivyo na akaanza kudai cheti cha kuzaliwa cha muuzaji tangu siku hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaorudi kutoka Ulaya na Marekani wakidharau kila kitu cha mtaani. Mzee wa mkaa hakutaka hata soda. Wakili na mpima ni wa karatasi, jirani ni wa watu, na ardhi yetu ina vyote viwili. Anayeweza kuachwa ni dalali, kama una ndugu mwenye muda wa kutembea. Ndugu atembee, aulize, asalimie, apige picha wakati wa masika aone maji yanapita wapi. Kazi hiyo anaiweza kuliko wakili yeyote. Kusoma ramani amwachie mwenye kuisomea, na asione ametukanwa.

Hili la kutukanwa ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi. Tulipopata kiwanja cha pili nilimpigia kaka mwenyewe, kabla ya dada, kabla ya mtu yeyote. Nikamwambia, "Kaka, nimeweka wakili na mpima. Lakini sitaki mpima aende bila wewe." Alikaa kimya nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza saa ngapi.

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Mpima alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, akamwita baba, akampa ashike ile fimbo ndefu ya kifaa cha setilaiti ikae wima kila kona wakati yeye anasoma namba. Bikoni tatu zilionekana haraka. Ya nne haikuwepo. Kaka akakataa waondoke. Akaazima jembe kwa mama wa jirani, akachimba pembeni ya mwembe mahali kijana alipomwonyesha, na karibu saa saba mchana ikaingia picha kwenye simu yangu: zege kuukuu lenye udongo mwekundu, kiatu chake pembeni, na chini ameandika, "Hii hapa. Namba inasomeka."